Paa Lisilopoteza Msumari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Advera aliwasha moto, akachemsha chai, kisha akampelekea bibi yake kikombe pamoja na matobolwa kwenye kisahani. Bibi Tekla alikuwa amebakiwa na meno machache, kwa hiyo vile viazi vikavu alivichovya kwenye chai na kuvisubiri vilegee, huku akimwuliza mjukuu wake habari za asubuhi. Kuku wametoka wote? Nani alikohoa alfajiri? Advera alijibu huku akifunga kamba za viatu. Hivyo ndivyo siku zao zilivyoanza huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye njia ambayo zamani ilipitwa na misafara na siku hizi inapitwa na bodaboda na watalii wachache wanaokuja kuona tembe la kale, nyumba ya udongo ya enzi za misafara hiyo.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya udongo na mabati. Baba yake, Sixbert, aliijenga mwenyewe wakati Advera anaanza darasa la kwanza, na sasa alikuwa darasa la sita. Sixbert hakuwa fundi. Alikuwa mkulima wa tumbaku aliyejifunza kujenga utotoni kwa kumkandia baba yake udongo. Lakini aliipenda nyumba ile. Mgeni akija hakukaa kwanza, alizungushwa nje aonyeshwe misumari. Kila bati lilikuwa na misumari mingi kuliko ya nyumba nyingine yoyote pale kijijini, na kila msumari ulikuwa na mpira wake wa kuzuia maji.

"Upepo ukitaka kulichukua hili," Sixbert alizoea kusema, "uje na nyundo."

Upepo ulikuja mwezi wa kumi na moja, alasiri moja, kabla mvua za mwaka hazijakolea. Sixbert na mke wake Agnetha walikuwa shambani. Advera alikuwa nyumbani na Bibi Tekla. Kwanza lilikuja vumbi, jekundu, likafuta njia na mazizi. Kisha mabati yakaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Bibi alijifunika kanga kichwani, akafumba macho, akaanza kusali rozari. Advera aliingia chini ya meza ya chumba cha nyuma, lakini yeye hakufumba macho. Alichungulia juu kutoka ukingoni mwa meza.

Na alichokiona hakukielewa. Juu ya ukuta wa nyuma, mahali ambapo mbao za paa hulala juu ya matofali, palitokea mstari mrefu mweupe. Ulikuwa mpana kama kiganja. Katika mstari ule aliona mawingu yakikimbia. Kisha kikasikika kishindo kizito, udongo ukamwagika juu ya meza, na mstari ukapotea. Ukuta ukawa ukuta tena. Mvua ikafuata, ikanyesha kwa hasira, ikaisha.

Walipotoka nje, watu wote walikuwa wanakimbilia nyumba ya pili, ng'ambo ya njia. Hiyo ilikuwa nyumba ya Mabruki, fundi seremala aliyehamia kutoka mjini Tabora, pamoja na mke wake Kuluthumu na binti yao Hafsa, aliyesoma darasa moja na Advera. Upande mmoja wa paa lao ulikuwa wazi. Mbao zilisimama kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na mabati yalikuwa yametawanyika kwenye shamba la mihogo, mengine yamejikunja kama karatasi.

"Watoto wasisogee," Mabruki alisema. "Bati lililoanguka lina ncha, na kuna misumari kwenye matope. Na mtu asipande juu. Mbao zimelowa."

Sixbert alifika kutoka shambani akihema. Hakwenda kwa Mabruki kwanza. Aliizunguka nyumba yake, shingo ameiinua, akitazama bati baada ya bati. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

"Lipo lote," alisema. "Halijapoteza hata msumari." Ndipo akavuka njia. "Fundi, pole. Naona paa lako limekwenda kijiji cha Ntalikwa kutafuta kibarua."

"Likipata nitakujulisha," Mabruki alijibu bila kumtazama. "Nilikuwa na haraka wakati wa kupigilia. Msumari mmoja hapa, mmoja kule, nikasema nitaongeza kesho."

Watu walicheka kidogo, cheko la kumwonea mtu huruma. Fundi seremala kulala chini ya mbingu si jambo dogo.

Agnetha aliamua mambo haraka. Kuluthumu na Hafsa walale kwake mpaka paa lirudishwe. Mabruki alisema yeye atabaki kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho bado kilikuwa na bati, alinde vyombo vyake vya kazi. Chakula watakula pamoja.

Advera alimvuta mama yake kando. "Mama, wakati wa upepo niliona mbingu."

"Wapi?"

"Kule chumba cha nyuma. Juu ya ukuta."

"Mwanangu, paa lipo. Hebu tazama." Agnetha alimwelekeza kwa kidevu. "Ulikuwa umeme. Radi ikimulika, hata ukuta mtu anauona mweupe."

"Niliona mawingu yakikimbia."

"Uliogopa. Mtu akiogopa anaona mengi. Kalete kuni."

Huenda ni kweli, Advera aliwaza. Mstari ulikuwepo kwa muda mfupi mno. Akajaribu kumweleza Hafsa, na Hafsa akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo nyumba yenu ilipiga mwayo?"

Kesho yake shuleni habari ilikuwa imefika. "Advera, nyumba yenu imeamka?" waliuliza wavulana wa nyuma ya darasa. "Ipelekeeni chai." Advera akaapa moyoni kwamba hatasema tena neno juu ya jambo lile.

Lakini mambo ya ajabu hayakuisha.

La kwanza lilikuwa chandarua. Chandarua cha Advera kilifungwa kwa kamba kwenye mbao za paa, na siku zote kilifika chini mpaka kikachomekwa vizuri chini ya godoro pande zote. Sasa upande wa ukutani kilikuwa kirefu kupita kiasi, na upande wa pili hakikufika. Kilining'inia upande, kama shati lililofungwa vifungo vibaya. Advera alikivuta. Alikivuta tena. Alijiuliza kama yeye mwenyewe amerefuka, kisha akaona ni upuuzi, kwani kurefuka kwa mtu kunahusiana nini na godoro?

"Umekichezea," mama yake alisema.

"Sijakigusa, mama."

"Basi ni nyie wawili, mnabanana humo ndani mnakivuta. Kichomekeni vizuri. Mbu wa mvua hawana mchezo."

Hafsa aliamka na mikono imejaa vipele. Akasema mbu wa Kikristo wanamwonea kwa kuwa mgeni. Wote wakacheka, na Advera akaunganisha kipande cha kitenge kwenye chandarua ili kifike. Kikafika. Lakini bado hakuelewa kwa nini kilifupika.

Kisha mlango wa nyuma ukaanza kugoma. Ulikwama juu, kwenye kona, ukawa hauingii kwenye fremu yake mpaka usukumwe kwa bega. Sixbert aliupapasa, akasema mbao imevimba kwa mvua. Akaazima randa kwa Mabruki, akaupunguza. Ukafungika. Siku chache baadaye ukakwama tena, akaupunguza tena.

Kisha Bibi Tekla akaanza kulalamika juu ya jua. Kitanda chake kilikuwa mahali pale pale tangu nyumba ijengwe, na sasa kila asubuhi doa dogo la jua lilimpiga machoni. "Jua nalo linahama," alisema. "Kila msimu lina njia yake." Akahamisha mto wake upande wa miguu, basi.

Na mchanga ulikuwa unaanguka. Kidogo kidogo, kwenye shuka, kwenye vyombo, mara moja ndani ya mlenda. Agnetha alisema ni panya wanaotembea juu ya ukuta. Akatega mtego. Mtego haukukamata kitu.

Advera alitazama mambo yale moja moja, na kila moja lilikuwa na maelezo ya maana. Mbao huvimba. Jua huhama. Panya hutembea. Watoto wawili hubanana kitandani. Hakuna aliyesema uongo. Lakini alipoyafikiria yote kwa pamoja, kichwa chake kilimwuma kama mtu aliyepewa hesabu yenye jibu lakini haoni njia. Mbona yote yameanza baada ya upepo? Na mbona upepo haukuvunja kitu?

Jumamosi moja, wakati wengine wako shambani na Bibi amekaa kibarazani, Advera alipanda juu ya meza ya chumba cha nyuma. Alitaka kujua panya wanapita wapi. Mbao kubwa zinazobeba mabati, ambazo mafundi huziita kenchi, zilikaa kwenye vijishimo vilivyochimbwa juu ya ukuta na kuzibwa kwa udongo. Aliugusa udongo ule. Ulimomonyoka mkononi mwake na kumwagika chini. Nyuma yake kulikuwa na uwazi. Aliingiza vidole, vikapita. Aliingiza kiganja, kikapita, na upepo wa nje ukampiga kwenye ncha za vidole.

Aliurudisha mkono haraka. Ameutoboa ukuta wa baba. Au je, ulikuwa umetoboka kabla? Hakujua. Alichojua ni kwamba udongo uko sakafuni na yeye ndiye aliyepanda mezani. Baba anayewaonyesha wageni misumari atasema nini? Alishuka, akachukua kipande cha kanga kuukuu, akapanda tena, akakisokomeza kwenye ule uwazi mpaka usionekane. Akafagia. Hata bibi yake alipouliza kitu gani kilichoanguka, alijibu, "Hakuna kitu, bibi."

Jumapili kanisani alisimama, akapiga magoti, akasimama, na mawazo yake yalikuwa juu ya meza ile.

Jumapili hiyohiyo mchana walikula pamoja, familia zote mbili, kwenye chumba cha mbele. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa mashariki na hewa imesimama. Kuluthumu aliosha mikono, akatengeneza ushungi wake, akachekacheka.

"Mama Advera, msinione mgeni asiye na adabu. Nyumba hii nimeipenda. Ila kila nikiamka nina mchanga kwenye nywele. Nimeanza kufikiri mnanizika kidogo kidogo."

"Panya hao, dada," Agnetha alisema. "Nimetega, wajanja."

"Panya wa kwetu hawatupi mchanga," Hafsa alisema.

"Wa kwenu wamehama na paa," Sixbert alisema, na Mabruki akacheka naye, kwa maana sasa utani ule ulikuwa umezoeleka.

Kuluthumu hakucheka. Alikuwa anautazama mlango wa nyuma, uliofunguka wenyewe taratibu. "Na huu je, Baba Advera? Naona umerandwa mpaka rangi imeisha. Lakini ukiutazama chini umenyooka, juu ndiko unakobanwa. Mbao inavimba juu tu?"

"Mbao ni mbao," Sixbert alisema. "Ina mambo yake."

"Labda. Mimi ni mke wa seremala tu, nasikiliza mengi."

Advera aliliacha tonge sahanini. Aliona jambo lile linaanza kusemwa na linaelekea kuisha tena kama kawaida, kila mtu na maelezo yake, kisha watu wanawe mikono. Nje upepo mwembamba ukapita. Bati likalia, kidogo tu. Usiku yeye, Hafsa na mama yake Hafsa wangelala chumba kile cha nyuma. Bibi angelala kule pembeni.

"Baba," alisema, "mimi kuna vitu sivielewi."

"Vitu gani?"

"Sijui. Nikisema mtacheka."

"Sema."

Basi akasema. Alisema vibaya, akirudia nyuma, akichanganya. Alisema juu ya mbingu aliyoiona, na mawingu, na kishindo. Chandarua ambacho hakikufupika bali kilihama. Doa la jua la bibi. Na mwisho, akitazama chini, uwazi alioupata alipopanda mezani. "Nimeuziba kwa kanga. Sijui kama ni mimi niliyeutoboa. Niliogopa."

Hakuna aliyecheka. Hafsa, aliyekuwa wa kwanza kucheka siku ile, alikuwa anatazama juu.

Mabruki alinawa mkono wake wa kulia polepole, akainuka, akaingia chumba cha nyuma. Wakamfuata. Alipanda mezani, akaivuta ile kanga. Kisha akaingiza mkono, ukapita mpaka kwenye kiwiko. Akahamia kenchi ya pili, akapapasa. Ya tatu. Alishuka, akatoka nje, akaenda kusimama mbali kabisa, barabarani, akawaita.

"Tazameni ukingo wa paa," alisema. "Upande huu wa mashariki bati limetokeza nje kiasi gani? Sasa njooni huku."

Walizunguka. Upande wa magharibi bati lilikuwa karibu sawa na ukuta. Sixbert alikuwa ameizunguka nyumba ile siku ya upepo, lakini alikuwa anatazama misumari. Hakuwa amesogea mbali akalitazama paa zima.

"Limehama," Mabruki alisema. "Lilinyanyuka lote, likarudi likakaa pembeni. Mtoto aliona mbingu kweli. Kule nyuma kenchi zimeshikilia ukingo tu wa tofali. Ukuta umesukumwa, ndiyo maana mlango unabanwa."

"Haiwezekani," Sixbert alisema. "Halijapoteza hata msumari."

"Ndiyo, kaka. Bati limeishika mbao vizuri sana. Lakini mbao imeshikwa na nini?"

Sixbert aliinua macho kwenye ukingo wa ukuta.

Ni Bibi Tekla aliyejibu, akiwa amesimama na mkongojo wake. "Haikushikwa na kitu. Kwa nini ishikwe? Baba yake alijenga tembe letu hivyohivyo. Aliilaza miti ukutani, akachimba kijishimo, akaziba kwa udongo. Hakufunga hata kamba moja. Na sijawahi kuona upepo ukilitikisa."

"Juu ya miti kulikuwa na nini, mama?" Mabruki aliuliza kwa heshima.

"Udongo. Mnene hivi." Bibi alionyesha kwa mikono. Mikono ikabaki hewani. "Udongo," alisema tena, kwa sauti ndogo.

Sixbert alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amemkandia baba yake udongo ule, akampandishia ndoo baada ya ndoo mpaka mabega yakamwuma. Uzito wote ule ndio uliolikandamiza paa la tembe lisiinuke. Naye alijenga kama baba yake alivyomfundisha, kwa uangalifu, kijishimo kwa kijishimo, kisha juu yake akaweka bati ambalo mtoto anaweza kulibeba kichwani. Upepo uliingia chini yake ukalinyanyua kama kifuniko cha sufuria.

"Na mimi nimekuwa nakula hapa kila siku," Mabruki alisema. "Sikuinua macho. Nilikuwa naona aibu ya paa langu. Nilizifunga kenchi kwa waya mpaka kwenye ukuta, nikafanya uvivu kwenye misumari, nikapoteza mabati. Lakini nyumba yangu bado imesimama. Hii yako, upepo mwingine ukija kama ule, itaanguka na watu ndani. Toeni vitu. Leo hakuna anayelala humu."

Basi waliokuwa wenyeji wakawa wageni. Walivuka njia na magodoro kichwani, wakaingia kwa Mabruki, chini ya nusu paa na turubai. Mvua ile ya Jumapili ilikuja bila upepo, na turubai lilivuja hapa na pale, lakini Sixbert hakutania.

Asubuhi alikwenda kwa Mzee Masolwa, jirani mwenye lori la kubebea tumbaku, kuazima jeki.

"Nyumba nayo imepata pancha?" Masolwa aliuliza.

"Imepata," Sixbert alisema, akachukua jeki akaondoka.

Hawakupanda juu ya bati hata mara moja. Mabruki alisema kazi yote itafanyika kwa chini, na siku isiyo na upepo. Walisimamisha magogo imara ndani, wakainua kenchi kidogo kidogo kwa jeki, kona baada ya kona, huku wanaume wengine wakilisukuma paa kwa mtaimbo na miti mirefu lirudi mahali pake. Lilipiga kelele kama punda asiyetaka kuvuka maji. Kisha wakatoboa ukuta matofali kadhaa chini ya kila kenchi, wakapitisha waya mnene, wakauzungusha kwenye kipande cha mti kilicholazwa nje ya ukuta ili usikate udongo, wakaurudisha juu ya kenchi na kuusokota kwa koleo mpaka ukakaza. Advera na Hafsa walikata waya na kukanda udongo wa kuzibia.

"Siku ile ya mwayo," Hafsa alisema, "mimi ndiye niliyewaambia wa darasani."

"Najua."

"Samahani."

"Kanda, udongo unakauka," Advera alisema, lakini alisogea kidogo ili wote wawili wapate kivuli.

Walikuwa wamefunga kuta tatu wakati upepo ulipokuja tena. Mabruki aliutazama upande wa mashariki, akasema kila mtu aache kazi na atoke, hata kama ukuta wa mwisho umebaki. Walikimbilia ng'ambo. Advera alisimama mlangoni mwa Mabruki, baba yake nyuma yake na Bibi kwenye kiti. Vumbi likaja, nyumba yao ikapotea ndani yake. Walisikia bati likivuma, kisha sauti nyingine, kali, ya waya zikivutwa. Upande ule ambao haujafungwa uliruka, ukatua, ukaruka. Sixbert alikuwa amemshika Advera bega, akambana bila kujua.

Mvua ilipopungua wakatazama. Paa lilikuwa pale pale lilipoachwa asubuhi. Upande wa ukuta wa nne udongo mbichi ulikuwa umeanguka, basi.

Sixbert alikaa chini kwenye kizingiti. "Njoo hapa," alimwambia Advera. "Nina maneno mawili. La kwanza ni langu. Ulimwambia mama yako, akasema umeme. Ungeniambia mimi, ningesema hivyohivyo. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, akakirekebisha akakaa kimya. Mimi niliuranda mlango, mama alitega panya, bibi alihamisha mto. Wote kwa pamoja tulijua nyumba inaanguka, ila hatukuambizana."

"Na la pili, baba?"

"La pili ni ile kanga. Kutoelewa si kosa. Hata mimi sikuelewa, na nyumba ni yangu. Lakini kitu kikikutatiza usikizibe ili kisionekane. Kilete hivyohivyo, kikiwa hakina kichwa wala miguu, hata watu wakicheka. Wakicheka, rudia. Mtu mwingine anaweza kuwa na kipande kilichobaki. Umenielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe Hafsa?"

"Nimeelewa, Baba Advera."

Walimaliza ukuta wa nne siku iliyofuata. Wiki ile yote wakafanya kazi kwa Mabruki, wakanyoosha mabati yaliyonyoosheka, na safari hii Sixbert ndiye aliyesimamia misumari. Mabruki alipojaribu kuruka mmoja, alirudishwa.

Kazi ilipoisha Sixbert aliichukua jeki, akamwambia Advera waende pamoja kuirudisha. Njiani alitembea polepole, akizitazama nyumba za watu kwa mbali, moja baada ya nyingine. Wengi wao walijenga kama yeye. Wengi wao baba zao walijenga matembe.

Mzee Masolwa alipokea jeki mlangoni kwake. Sixbert akamsimulia yote, bila kuficha kosa lake. Masolwa alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Hapa kwangu hakuna tatizo, kijana. Upepo ulipita, mabati yote yapo. Mimi nyumba yangu naijua."

"Sawa, mzee. Tunaomba tu tulitazame paa."

"Nimeshasema ni zima."

Wakati huo mke wake, Kashindye, alikuwa uani anapepeta mahindi. Ungo wake ukasimama.

"Baba," alisema, "si kwamba nabisha. Lakini kuna kitu kwenye chumba cha watoto, na mimi mwenyewe sijui nikiite nini."

Masolwa aligeuka kumtazama. Sixbert naye akamtazama binti yake, akarudi nyuma hatua moja ili kumpisha.

Advera alivuta kigoda, akakaa karibu na yule mama. "Shikamoo, mama," alisema. "Tueleze. Hata kama hukielewi."